Batli ya Njiwa na Jumapili ya Baba

Arutanga, Aitutaki
Jumatano, 4 Juni 1873

Kwa mdogo wangu Taokia, baharia wa chombo cha Bwana,

Salamu zikufikie popote ulipojificha safari hii. Sisi wazima. Mbuzi wa mchungaji amekula kofia yangu mpya, niliyoisuka wiki tatu, na mchungaji amekuja mwenyewe kuniombea nisiwe na hasira. Mbuzi hakuombewa. Mashelisheli yamezaa mpaka yanaoza chini. Kaburi la Mama nimelipaka chokaa. Baba ana nguvu, ana meno matatu, na sauti inayotosha kijiji kizima. Bado hapiti kwenye kile kipande cha barabara ambacho watu wanakiita Kwa Taokia. Kila Jumapili akifika hapo anakata kushoto, anashuka kwenye magimbi, na kuingia kanisani na matope mpaka magotini. Huu ni mwaka wa kumi na nane. Shemasi mkuu, nguo nyeupe juu, miguu ya bata chini. Hakuna anayecheka, maana anayecheka anaandikwa.

Nilikuona. Usijitie hamnazo. Jumapili ile chombo chenu, Njiwa, kilipokatikiwa na amari, kamba ya nanga, na kuanza kusukumwa kuelekea mwambani, ulikuwa juu ya mlingoti wa mbele. Ulitupa kisogo, lakini kisogo chako nakijua, nilikinyoa mimi ulipokuwa mtoto. Kila mwaka Njiwa inakuja, na kila mwaka una kazi ya haraka huko juu.

Sisi tulisimama ufukweni na kofia zetu za ibada, tukiimba, tukiwatazama mkienda kufa kwa heshima zote. Ilikuwa siku ya Bwana, na kupiga kasia ni kazi. Vaetoru peke yake ndiye aliyeona aibu. Huyo ndiye mchumba wa binti yangu Tepaeru, ulimwacha akiwa mtoto wa kamasi. Aliingia kwenye mashua, vijana watano wakamfuata, wakapokea nanga yenu ya akiba, wakaenda kuitupa mbali na mwamba mkapata pa kujivutia. Mlipona. Hongereni.

Jumatatu Baba alipakia mapipa ya uwanga, unga wa sadaka, akawaletea chomboni. Nahodha wenu akakataa kupokea, mvua ikanyesha, uwanga ukawa uji. Baba aliporudi nilimwuliza kama amekuona. Akasema upepo ulikuwa wa kusini.

Jana kanisa likakaa kumhukumu Vaetoru. Nakuandikia kama nilivyosikia kwa masikio yangu.

"Kulikuwa na watu ishirini wanakufa, mzee," Vaetoru akasema.

"Wangesubiri Jumatatu," Baba akamjibu.

"Wasubiri kufa?"

"Wasubiri kuokolewa."

Jina lake limefutwa. Atabeba mawe ya barabara miezi minne, na asiye na jina kanisani haolewi wala haoi kanisani. Harusi ilikuwa iwe Julai. Nguruwe wawili niliokuwa nawanenepesha sasa wananiangalia kwa dharau.

Ninachokuomba ni kidogo. Nahodha wenu ni mzungu wa misheni. Amwandikie mchungaji neno moja la shukrani kwa kijana aliyewaokoa. Ukiona vigumu kumwomba, kumbuka kwamba na wewe ulikuwa miongoni mwa waliookolewa, ingawa ulikuwa unatazama upande mwingine.

Dada yako,
Akaiti


Sydney
22 Septemba 1873

Kwa dada yangu Akaiti, mlinzi wa kisogo changu,

Barua yako imenifikia ikinuka mafuta ya nazi, nikailalia usiku mmoja kabla ya kuifungua kwa kuogopa yaliyomo. Sikukosea. Poleni na kofia. Mimi mzima, nimepoteza ukucha mmoja na sikumbuki ulikwenda wapi. Malimu wetu, msaidizi wa nahodha, anatetemeka mkono kwa ugonjwa ambao kwenye chombo cha misheni hatuutaji jina, unaokaa kwenye chupa. Kwa hiyo tangu mwaka jana batli naiandika mimi. Batli ni daftari la safari: upepo, maji, nani kaugua, nani kafa, siku gani. Nahodha anatamka, mimi naandika. Baba angefurahi kuona fimbo zake zimezaa matunda, kama angekuwa na mtoto wa kumfurahia.

Nahodha nimemwomba. Alifikiri sana akasema hawezi kumtolea mtu shukrani maalumu kwa kazi ya kawaida iliyofanywa Jumamosi.

Soma tena, dada. Jumamosi.

Nakueleza alivyonieleza, na ukicheka cheka polepole, mchungaji asisikie. Ukisafiri kuelekea macheo, kila siku jua linakuwahi kidogo. Ukiendelea hivyo, mwisho unajikuta na siku moja mkononi ambayo wenzako hawana. Kwa hiyo tukitoka Sydney kuja kwenu, tukifika mahali fulani katikati ya bahari ambapo hapana hata ndege, nahodha anairudia siku. Safari ile tulikula nyama ya chumvi Jumatano, tukalala, tukaamka, ikawa Jumatano, tukala nyama ile ile. Manahodha wa zamani hawakuirudia, kwa kuwaheshimu wamisionari. Huyu mpya heshima hana, ana saa mbili za mfukoni.

Wamisionari wa kwanza nao walikuja kwa njia hiyo hiyo. Hawakuirudia siku. Pengine walikuwa wanatapika. Basi walipofika kwetu siku yao ya Jumapili ilikuwa Jumamosi, na wakatufundisha kuitakasa. Miaka hamsini mnavaa nyeupe Jumamosi na kulima magimbi Jumapili, na mmefukuzana kanisani kwa bidii isiyo na mfano.

Mimi nilimvua yule samaki, pono, siku hiyo hiyo ya wiki, kama hujasahau. Mama alikuwa kitandani, hali kitu, akasema anatamani pono. Nilipata mawe ya barabara miezi minne, hapo mnapopaita kwa jina langu, na Baba akasimama mbele ya kanisa akasema hana mwana. Pono mwenyewe hakufukuzwa. Aliliwa, na Baba alikula kichwa.

Haya nakuandikia wewe, ucheke. Baba usimwambie. Simhurumii, nakataa tu kuwa wakili kwenye nyumba ambayo mimi si mtu wake. Alisema hana mwana, na mimi mtoto mtiifu, namtii mpaka leo.

Na hapana, sikumwona Jumatatu ile. Upepo ulikuwa wa kusini.

Ndugu yako,
Taokia


Arutanga
20 Novemba 1873

Kwa Taokia, mtoto mtiifu,

Wazima. Mvua imezidi, chokaa ya kaburi imetoka tena, nimepaka tena. Mchungaji amenunua mbuzi wa pili, wa kwanza asijisikie mpweke. Tepaeru anakusalimu. Halii, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimemwambia Baba.

Ulijua nitamwambia. Ungekuwa hutaki ungemwandikia mtu mwingine, au ungeandika juu ya hali ya hewa. Nilimkuta anakuna nazi, nikamweleza yote, macheo, Jumatano mbili, nyama ya chumvi. Hakuinua uso.

"Nani kasema?"

"Batli ya Njiwa, Baba. Imeandikwa Jumamosi."

"Inaandikwa na nani?"

"Si malimu wao."

"Malimu wao hawezi kushika hata kijiko. Nilimwona kwa macho yangu. Nakuuliza nani anaandika."

Nikaanza kukusanya makumbi. Akakuna nazi mpaka akafika kwenye kifuu na akaendelea kukuna.

"Bado anaivuta mkia ile T yake?" akauliza. "Nilimchapa sana kwa ile T."

Kisha akainuka akaenda kuwalisha nguruwe, ambao walikuwa wamelishwa. Hilo ni neno lake la kwanza juu yako tangu uondoke, nami nakupelekea lilivyo, ule nalo.

Aliporudi alikuwa shemasi tena. Akasema maneno ya mwanamke aliyesikia kwa barua si ushahidi. Kanisa likiletewa ukurasa wenyewe, na saini ya nahodha, kanisa litausoma. Kwa hiyo nataka ukurasa. Unakili, mpe nahodha asaini, ulete. Nataka mwandiko wako, si wa mtu mwingine.

Unaniambia hutaki kuwa wakili. Vizuri. Sikiliza basi habari za nyumba ambayo wewe si mtu wake. Vaetoru amemaliza mawe yake. Anabeba vizuri kuliko wewe, yeye hakuacha mashimo. Mwezi wa nne kuna meli inachukua vijana kwenda kulima pamba Tahiti, naye ameshaandikisha kidole gumba chake. Amekuja kuniuliza maisha ya kuwa mbali na kwenu yakoje. Nimemwambia amwulize ndugu yangu, ana uzoefu mkubwa, anajua kuutazama ufukwe wa kwao akiwa juu ya mlingoti. Tepaeru anamshonea shati la safari. Anashona kwa utulivu, kama mimi nilivyokushonea lako. Nilidhani utalivaa mwaka mmoja.

Nimekwishatoa mtu mmoja kwa ajili ya Jumapili hii. Kumbe haikuwa hata Jumapili. Wa pili sitoi, Taokia. Lete ukurasa.

Akaiti


Sydney
12 Januari 1874

Dada Akaiti,

Heri ya mwaka mpya, kwa hesabu yoyote unayoipenda. Mimi mzima. Malimu amekufa kwa ugonjwa wake usio na jina. Kwenye batli tumeandika homa.

Ukurasa huu hapa. Nahodha amesaini mara mbili, maana anaipenda saini yake. Nimeweka siku zote mbili kwa sababu alikataa kusaini moja. Alisema ukweli haukatwi vipande. Wenyewe ni wa Kizungu, na pembeni ya kila siku nimeandika kwa lugha yetu, hivi:

Jumamosi, 31 Mei. Upepo mkali wa kusini-mashariki. Amari ilikatika asubuhi, chombo kikaelekea mwambani. Mashua ya wenyeji sita ilikuja bila kuitwa, ikapeleka nanga ya akiba. Chombo kimesalimika.

Jumapili, 1 Juni. Mvua. Wakati wa ibada wenyeji walileta mapipa ya uwanga. Mzee aliyewaongoza, shemasi, alikemewa kwa kuivunja siku ya Bwana. Mapipa yalirudishwa.

Sasa unajua kwa nini sikutaka kuuleta.

Nahodha hajui lugha yetu, dada. Alipotaka mzee akemewe alimwita mtu wa kukemea. Nilisimama ukingoni, Baba akiwa chini yangu kwenye mashua, amekumbatia pipa, mvua inamtiririka kwenye masikio. Miaka kumi na minane sijamwona kwa karibu. Amekuwa mdogo. Nikamwambia, "Mzee, unaivunja siku ya Bwana. Rudi." Nilisema kwa sauti kubwa, kama yeye alivyosema siku ile kanisani. Maneno hayo nilikuwa nimeyatamani miaka yote hiyo, na nilipoyatoa nilitaka kuruka majini nimshikie lile pipa.

Alinitazama. Akasema, "Nimesikia." Akageuza mashua.

Ufanyie mkato unaoufaa. Ukiona ni vema ukate nusu ya chini, kata. Saini ya pili ipo juu, nimehakikisha. Mwokoe kijana. Mimi niacheni.

Njiwa itakuja kwenu Juni.

Taokia


Arutanga
Jumanne, 7 Aprili 1874

Kwa ndugu yangu Taokia,

Barua yako imefika wiki mbili zilizopita, chini ya gunia la misumari, na kona imeliwa na panya. Panya hakula saini. Wote wazima. Mbuzi wa pili amefungwa, kwa sababu mbuzi wa kwanza alimfundisha mambo. Tepaeru ameacha kushona. Nitakueleza.

Sikukata nusu ya chini. Nilishika mkasi, nakiri, nikaushika muda mrefu. Kisha nikasema, ametaka ukurasa, apewe ukurasa. Nikampelekea Baba mwenyewe, siku moja kabla ya kikao, nikatoka nje nikaketi na nguruwe. Hakuniita. Taa yake haikuzimwa.

Kanisani mchungaji akasema atausoma yeye, maana mwandiko ni mdogo. Baba akamwambia, "Mwandiko huu naujua mimi." Akasimama, akausoma. Siku ya kwanza akaisoma yote. Tukadhani amemaliza, watu wakaanza kunong'ona. Akainua mkono, akaisoma na ya pili. Alipofika kwenye "shemasi, alikemewa" hakuharakisha. Alilitamka vizuri, kama anavyotamka majina ya wengine.

Hapo kanisa likawa soko. Mzee Metua akauliza, kama Jumatatu ni Jumapili, yeye aliyechimba choo Jumatatu iliyopita atahesabiwaje. Mkewe akamwambia atahesabiwa pamoja na choo. Mwingine akasema hiyo ni batli ya wazungu, nayo bahari ni ya Mungu. Mwingine akauliza kama sadaka za miaka hamsini zitarudishwa. Mchungaji akafuta jasho akasema Bwana ameshaizoea siku yetu, na kumhamisha Bwana si jambo la kikao kimoja. Wakakubaliana Jumapili ibaki ilipo. Siku zote nilijua dini yetu ina msingi imara: hakuna anayetaka usumbufu.

"Jumapili ibaki," Baba akasema. "Lakini Vaetoru kawatoa watu majini Jumamosi, na kalamu iliyomfuta ni yangu. Nileteeni kitabu."

Akaliandika jina lake upya. Kisha hakuketi.

"Na mimi nimekemewa," akasema. "Adhabu ya aliyekemewa naijua. Nilimpa mtu."

"Mzee, hakuna aliyekuhukumu," mchungaji akasema.

"Aliyekuwa na haki ya kunihukumu alisimama juu ya chombo, mvua inanyesha. Nilimsikia."

Taokia, nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukuandikia hapa. Nilikuwa nayo tangu kikao kianze, mazuri sana. Yamenitoka.

Kesho yake alfajiri alichukua kapu akaenda Kwa Taokia. Hakukata kushoto. Alifika pale ulipoachia jiwe la mwisho, akapiga magoti, akaanza kuziba mashimo yako. Ana miaka sabini na mbili. Anabeba mawe mawili, anapumzika, anabeba mawili. Vaetoru, ambaye meli ya pamba imeondoka bila yeye na bila kidole chake, alikwenda kulishika kapu.

"Toa mkono," Baba akamwambia. "Wewe hukukemewa."

"Babu, jua kali."

"Hata kwake lilikuwa kali."

Tangu hapo Vaetoru anamletea mawe mpaka pembeni ya barabara na kujifanya anayahifadhi kwa shughuli zake. Baba anajifanya haoni. Mimi nawapelekea maji na kujifanya napita. Ni barabara yenye watu wengi sana wanaojifanya.

Jumapili iliyopita, ya kwetu, aliingia kanisani na miguu mikavu. Alipita barabarani. Wanawake waliokuwa wanaimba walisahau ubeti wa pili, tukabaki tunamwangalia miguu mpaka alipoketi. Ina makovu mengi, sikuwahi kujua. Matope yalikuwa yanayaficha.

Harusi itakuwa Juni. Watoto wenyewe wameomba ingojee Njiwa. Nguruwe wamekuwa wakubwa kama mapipa, shati la safari Tepaeru amelikunja, anasema litakutosha wewe. Safari hii mlingoti umpe mtu mwingine.

Jana jioni Baba alirudi na kapu tupu, akaketi mlangoni, akaniuliza Njiwa itafika siku gani. Nikamwambia, kwa barua yako na upepo ukikubali, Alhamisi ya kwanza ya Juni. Kisha nikakumbuka, nikamwuliza kwa hesabu ipi, maana ni Alhamisi mbili tofauti, ya kwetu au ya nahodha.

Alikuwa anajifuta vumbi la mawe vidoleni. Hakuinua kichwa.

"Ya mwanangu," akasema.

Dada yako,
Akaiti